Anza na meza, maua yatafuata: namna ya kuchagua mapambo ya mezani kwa harusi yako

Weka simu chini kwanza, mdogo wangu. Najua humo ndani umehifadhi picha za harusi za Lagos, Dubai na Marekani, na ipo moja uliyoipenda kuliko zote: chombo kirefu cha kioo katikati ya meza, maua meupe yamejaa juu, mengine yananing'inia mpaka karibu na sahani. Tutafika huko. Mimi napamba kumbi hapa Dar es Salaam, na kabla mteja hajanitajia rangi ya harusi yake huwa namuuliza mambo matatu: meza ni za futi ngapi, kila meza itakaliwa na watu wangapi, na vinywaji vitafikaje mezani.

Hilo la vinywaji huwachekesha. Bibi harusi anamwangalia shangazi yake, shangazi ananiangalia mimi, wote wanaona nimeanza na mambo ya kaunta. Lakini hebu pita ukumbini saa mbili usiku, shughuli ikiwa imekolea. Meza ya watu kumi ina chupa kumi za maji, soda, bia, glasi, sahani ya korosho, boksi la tishu, simu za watu na pochi za akina mama. Pambo ulilolilipia limezama humo katikati, na mzee mmoja ameshalisukuma pembeni apate pa kuweka chupa yake. Pambo la mezani hugombea nafasi na chupa, na kwenye harusi zetu chupa ndizo hushinda. Mpambaji asiyeliwaza hilo anapamba kwa ajili ya picha ya saa kumi na moja jioni, ukumbi ukiwa mtupu.

Kwa hiyo tunaanza na meza. Maua yanakuja baadaye sana.

Nenda ukumbini na futi kamba

Meza za duara tunazozikuta zaidi ni za futi 5, yaani kama sentimita 150 kutoka ukingo hadi ukingo, na za futi 6, kama sentimita 180. Ya futi 5 inakaliwa na watu 8 kwa raha, ya futi 6 watu 10. Mwenye ukumbi atakuambia hata ya futi 5 inakaa 10. Inakaa, ndiyo, ila watu watakula viwiko vimebanwa mbavuni, na katikati hapatabaki pa kuweka hata kikombe.

Sasa piga hesabu. Kila mgeni anatumia kama sentimita 45 kutoka ukingoni kwenda ndani: sahani yake, na mbele ya sahani glasi na chupa. Kwenye meza ya futi 6, ukiondoa 45 huku na 45 kule, katikati panabaki duara la sentimita 90. Hizo si zako zote, kwa sababu kuna vitu vya pamoja kama tishu, korosho na chupa za akiba. Mimi sipitishi kitako cha pambo sentimita 40. Kwenye meza ya futi 5 katikati panabaki sentimita 60 tu, hivyo kitako kiwe 25 au 30. Andika namba hizo umpe mpambaji wako. Ukimwambia "nataka kitu kikubwa kidogo", kila mtu atalielewa hilo "kidogo" kwa namna yake.

Uliza pia chakula kinafikaje. Bufee ni rahisi, watu wanainuka na kurudi na sahani zao. Kama wahudumu wataleta mabakuli ya wali na nyama mezani, pambo lazima lipungue. Na kama ni shughuli ya kwetu Pwani, watu wamekaa chini kwenye mazulia na pilau inakuja kwenye sinia, sahau kabisa pambo la katikati. Hapo katikati ni pa sinia, na ukiweka ua utakuwa umewawekea watu kazi ya kuliondoa. Maua yaende mlangoni, ukutani na kwa biharusi mwenyewe.

Kuhusu chupa zuia unachoweza. Ongea na kamati ya vinywaji mapema: je, wahudumu wanaweza kuzungusha vinywaji badala ya kuvirundika mezani tangu mwanzo? Kamati nyingi hukataa kwa kuwa wageni hulalamika wamecheleweshewa. Wakikataa, basi chagua pambo linaloishi na chupa: stendi nyembamba ya chuma ambayo maua yake yako juu kabisa, chupa zipange mstari chini yake zinavyotaka.

Ngumi yako ndiyo kipimo cha urefu

Kaa kwenye kiti cha ukumbi, weka kiwiko mezani, inua mkono, kunja ngumi. Pambo fupi lisipite ngumi hiyo. Kwa watu wengi ni kama sentimita 35. Ukitaka kwenda juu, nenda juu kweli: maua yaanze sentimita 60 kutoka usawa wa meza, na mguu unaoyabeba uwe mwembamba. Kati ya 35 na 60 ndipo yalipo macho ya mtu aliyekaa. Pambo la urefu huo linawafanya watu waliokaa pamoja saa tano nzima wasalimiane kwa kuchungulia.

Mapambo marefu yakae wapi? Wengi wa wenzangu huyapanga pande mbili za njia wanayopita maharusi, na picha ya kuingia kwa kweli inapendeza. Mimi huyapeleka nyuma na kando ya kuta. Harusi yetu karibu yote hufanyika mbele: utambulisho wa ndugu, keki, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kama familia ni ya Kilimanjaro, shampeni, zawadi kwa foleni na matarumbeta. Mgeni wa meza ya katikati amechanga, amekuja, amevaa sare. Kwa nini aitazame harusi kwenye skrini ilhali yumo ndani ya ukumbi?

Meza kuu ni habari nyingine. Pale maharusi hutazamwa upande mmoja tu, kwa hiyo pambo linatakiwa kuwa refu kwa upana na fupi kwa kimo, literemke upande wa mbele wa meza. Nimeshaona meza kuu ambayo kidevu cha bwana harusi kilikuwa hakionekani, na mpiga picha akawa anamwomba akae wima kila dakika.

Kama sherehe ni ya bustanini au ufukweni, fikiria upepo kabla ya uzuri. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, upepo wa bahari jioni si wa mchezo. Chombo kirefu cha kioo chenye maua mazito juu hakifai hapo hata ukitie mawe. Chukua vyombo vifupi vizito, vya udongo au vya kioo kinene, na kitambaa cha meza kibanwe.

Taa zinaweza kukuharibia rangi yote

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha za watu hupotelea bila wao kujua.

Kumbi zetu zinapenda taa za buluu na za zambarau. Ua jekundu linaonekana jekundu kwa kuwa linarudisha mwanga mwekundu machoni pako. Lipige mwanga wa buluu mtupu, ambao hauna wekundu ndani yake, litageuka jeusi. Nimekuta mawaridi mekundu mazuri, ya gharama, ambayo kwenye picha zote yametoka na rangi ya damu iliyoganda. Majani ya kijani nayo yanapoteza ukijani wake. Mwanga wa njano-dhahabu una ubaya wake pia: buluu na zambarau zinafifia na kuwa kijivu.

Kwa hiyo mtafute mwenye taa kabla ya kuamua ua. Ukishikilia maua mekundu, dai taa nyeupe au za njano ya joto angalau kwenye eneo la meza, buluu ibaki ukutani. Ukishindwa kumpangia mwenye taa, na mara nyingi utashindwa kwa kuwa ni mtu wa DJ na DJ ana mambo yake, basi chagua maua meupe au ya rangi ya maziwa. Hayo huchukua rangi yoyote inayowapiga, na usiku mzima hayakuaibishi.

Neno moja kwa wanaochagua sare ya buluu iliyoiva. Waridi la rangi hiyo haliko shambani. Lile unaloliona dukani limenyweshwa au limechovywa rangi, na likilowa linaweza kudondosha rangi yake kwenye kitambaa cheupe cha kukodi, nawe utalipia kitambaa. Buluu iweke kwenye vitambaa vya meza na tepe za viti, maua yabaki meupe. Watu wataona buluu tu, usijali.

Mishumaa naipenda kuliko taa yoyote, lakini iwe ndani ya kioo kilichouzidi urefu mwali wake. Magauni yana mikono mipana, wigi zina nywele ndefu, na kuna wakati wa kucheza ambapo hakuna anayeangalia mezani. Kumbi nyingine hazitaki moto kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Mishumaa ya betri siku hizi imekuwa mizuri, ila usiiwashe saa nane mchana unapopanga meza. Mpe kijana mmoja kazi ya kupita na kuiwasha saa kumi na mbili jioni. Umeme ukikatika kabla jenereta haijashika, dakika hizo ndizo mishumaa hupata heshima yake.

Sasa maua

Waridi ndilo mama wa kazi hii. Mengi tunayouziwa Dar es Salaam yanatoka Arusha, upande wa Usa River, au yanavuka mpaka kutoka Kenya, ambako mashamba makubwa yako Naivasha, mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko juu hulifanya waridi likue polepole na kutoa kichwa kikubwa. Likishuka kwetu kwenye joto la Desemba linafunguka kwa kasi, kwa hiyo usinunue lililokwisha kufunguka. Nunua tumba lililobana, kisha lishike kwa vidole viwili chini ya petali: likiwa gumu ni jipya, likibonyea limekaa.

Waridi huuzwa kwa urefu wa shina. La sentimita 60 au 70 ni ghali, na kwa pambo fupi utalikata nusu nzima uitupe. Omba la 40. Hili peke yake linaweza kukuokolea fedha kuliko kubishana bei sokoni. Pia uliza fungu lina shina ngapi, kwani wengine hufunga 10 na wengine 20, na bei ya fungu bila idadi haikuambii kitu.

Pambo fupi la meza ya watu kumi linakula shina 12 hadi 15 za waridi ukichanganya na majani. Meza 30 kwa shina 15 ni 450. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya yatakayovunjika shingo njiani, yaani 45, na ukifunga hesabu kwa 500 hutajuta.

Angalia kalenda. Karibu na Februari 14 mashamba yanapeleka mali nje, na bei ya waridi inapanda kwetu pia. Kwaresima harusi za kanisani hupungua, kisha Pasaka ikipita zinakuja kwa mkupuo, na kila mpambaji anatafuta maua yaleyale wiki ileile. Desemba sina haja ya kusema.

Yale maua ya mviringo, ya petali nyingi, ambayo picha za Ulaya zimeyajaza, yaitwayo peoni, yanahitaji baridi kali ya miezi ili yachanue. Kwetu hayalimwi, kwa hiyo achana nayo. Waridi la bustani lenye petali nyingi litakupa sura inayokaribia. Haidrenjia inapatikana, inamea vizuri kwenye baridi ya Lushoto, na kichwa kimoja kinajaza chombo. Lakini inakunywa maji sana, ikikosa kwa saa moja inalala. Iweke kwenye chombo chenye maji ya kutosha, usiichomeke kwenye sponji.

Yungiyungi la dukani, lile kubwa jeupe, ling'olewe chavua zake zote kabla halijaenda mezani. Ule unga wa kahawia ukigusa gauni ni doa. Ukimgusa mtu, asifute kwa maji wala kwa mkono, abandike selotepu na kuibandua. Na harufu yake ni kali, mtu anayekula pilau hataki kunusa kitu kingine zaidi ya pilau.

Hapo ndipo mimi, mtoto wa Tanga, nawauliza wateja: kwa nini mnaisahau asumini? Ua dogo jeupe, linafunguka magharibi na kutoa harufu yake usiku, saa zilezile za sherehe, kisha kesho yake limechoka. Hakuna anayelihitaji kesho yake. Pwani yote, Unguja, Mombasa na Lamu, asumini imekuwa ua la harusi tangu zamani: kwenye nywele, kwenye vikuba, yaani vishada vya kunukia, pamoja na rehani na mkadi, juu ya kitanda cha maharusi. Mezani inataka kitu chepesi tu. Bakuli pana la kioo, maji nusu, mshumaa mmoja wa kuelea, na viganja viwili vya asumini zilizochumwa alasiri zingali tumba. Zifungwe kwenye kitambaa kibichi mpaka saa ya kuzimwaga. Halina urefu wa kuziba macho, halipeperuki, na mgeni akiinama kuchukua korosho anapata harufu. Langilangi na kilua navipenda pia, ila viwili hivyo ni vikali, viweke mlangoni pamoja na udi, mbali na chakula.

Wateja wangu wa Kichaga huniletea wazo la majani ya isale, kwa kuwa ni marefu, ya kijani safi, na yanakaa majini wiki nyingi bila kunyauka. Kwa mpambaji ni jani la dhahabu. Lakini isale lina kazi zake: huombewa msamaha, huwekwa mipakani, hupandwa makaburini. Kabla hujaliweka kwenye meza thelathini, waulize wazee wa familia. Wengine watafurahi, wengine watakuuliza nani amemkosea nani.

Kuhusu maua ya bandia sina ugomvi nayo. Kariakoo kuna ya kila daraja, na kumbi nyingi unazozisifu zimepambwa kwa hayo. Kanuni yangu ni moja: ya bandia yapande juu, ya kweli yakae chini. Ua lililo sentimita 80 juu ya meza hakuna atakayeligusa wala kulinusa. Lililo mbele ya sahani litaguswa, na mtoto wa meza ya tatu atalichuna petali kulihakiki. Ukikodi ya bandia, yaone yakiwa nje ya mfuko, juani. Vumbi, gundi iliyotoka na petali zilizochanika pembeni havionekani kwenye picha ya WhatsApp.

Na si lazima pambo liwe ua. Kwa sendofu nimetumia vikapu vya Iringa, vile vya milulu, vikiwa na majani na ndimu za kijani, juu ya khanga iliyokunjwa vizuri. Vibuyu vilivyosafishwa vinapendeza, na mdalasini na karafuu kwenye sahani ya udongo vina harufu isiyopigana na chakula. Matunda nayo yanafaa, ukikubali kwamba yataliwa. Ila tahadhari: ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi inayozeesha maua haraka, kaneshani hasa. Usihifadhi maua chumba kimoja na matunda usiku wa kuamkia harusi, na mikungu ya ndizi ya kupamba lango ikae mbali na ndoo za maua.

Kamati ikikata bajeti

Nayo itakata. Bajeti ya mapambo hupunguzwa kikao cha kwanza kwa maneno na kikao cha mwisho kwa sababu ahadi hazijatimia. Panga pambo lako likiwa na mahali pa kukatika.

Kosa ninaloliona ni kupunguza kila meza kidogo kidogo. Shina 15 zinakuwa 9, na meza zote 30 zinakuwa na pambo lenye njaa. Fanya hivi badala yake: meza 15 zibaki na maua kamili, meza 15 zipewe mishumaa mitatu ya urefu tofauti na majani mabichi yaliyolazwa kuizunguka. Zipishane. Mtu akiingia anaona mpangilio, haoni upungufu. Fedha ikikosekana zaidi, ziwe 10 kwa 20. Majani unaweza kupata kwa ndugu mwenye bustani, na mkono mmoja wa mtende ukichambuliwa unatosha meza kadhaa.

Usikate kwenye meza ya wazazi. Ni meza mbili tu, hazikuokolei kitu, na zitakumbukwa.

Dai meza ya mfano, na uikalie

Mpambaji yeyote makini atakupangia meza moja ya mfano. Usiende kuiangalia saa nne asubuhi. Nenda jioni, taa za ukumbi zikiwa zimewashwa zile zitakazotumika, na ubebe vitu: chupa kumi, glasi, sahani, boksi la tishu. Wapange watu hata watano wakae. Ongea na aliye ng'ambo yako. Kama unamwona na kumsikia bila kujinyoosha, na chupa yako ina pa kukaa, pambo hilo limefaulu. Mwambie mtu asimame mlangoni apige picha kwa simu ya kawaida, kwani wageni wako ndivyo watakavyopiga.

Kisha andikianeni. Karatasi moja inatosha: idadi ya mapambo, urefu kwa sentimita, aina ya ua na ua mbadala likikosekana, kipande cha kitambaa cha rangi kilichobandikwa hapo hapo, saa ya kumaliza kupanga, nani anakusanya vyombo usiku na nani analipa kikivunjika. Jina la rangi pekee usiliamini. "Pichi" ya mama yako na "pichi" ya mpambaji zinaweza kuachana mbali.

Siku mbili za mwisho

Kama mnafanya wenyewe na ndugu, maua yafike siku moja kabla. Yakifika toa majani yote yatakayozama majini, kata ncha ya shina sentimita mbili au tatu kwa mshazari kwa kisu kikali, na uyaweke papo hapo kwenye ndoo safi yenye maji. Yalale humo usiku, chumba chenye baridi kuliko vyote nyumbani, feni isiyapulize moja kwa moja. Sukari kijiko cha chai na matone machache ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe kwa kila lita yanasaidia: sukari ni chakula, dawa inazuia maji yasioze.

Sponji ya kijani ya kuchomekea maua usiikandamize majini. Iweke juu ya maji iache izame yenyewe. Ukiisukuma, hewa inabaki ndani, na ua lililochomekwa kwenye hewa litainamisha shingo kabla MC hajawakaribisha wageni. Ikikauka mara moja haishiki tena maji vizuri, kwa hiyo usitumie ya harusi iliyopita. Ni plastiki, usiivunje bustanini ukidhani ni udongo.

Mapambo yapangwe ukumbini meza zikiwa zimeshavikwa vitambaa na viti vimeshafika, vinginevyo watu wa viti wataangusha kazi yako. Maua mabichi yaingie mwisho, alasiri.

Na usiku, wageni wataondoka na maua. Akina mama huanza kuyatazama keki ikishakatwa. Mimi sipingi, maua ni yao, vyombo ni vya kukodi. Mwombe MC atangaze dakika kumi kabla ya kufunga kwamba anayetaka maua achukue na aache chombo, na mweke kijana mmoja mlangoni mwenye orodha ya idadi na gazeti la kufungia mashina. Yatakayobaki yapelekeni kanisani alfajiri kabla ya misa ya kwanza, wenye zamu ya kupamba altare watayapokea kwa furaha, hasa waridi, ambalo bado lina siku mbili tatu za uhai.